Kusi, tuna ugomvi gani?

Wenzangu wa pikipiki, nani kamkosea huyu upepo wa kusi? Daraja la Kigamboni ni mita 680 tu, lakini kusi akianza kuvuma utadhani unavuka kwenda Unguja. Nimelalia kulia kama nakata kona, kumbe naenda moja kwa moja! Mara lori la kontena linanipita, linaziba upepo, navutwa kulekule kwenye matairi yake. Likishapita, pwaa! Natupwa kushoto. Kwani mimi mpira wa kona?

Na abiria je? Dera limejaa upepo kama tanga la ngalawa, halafu ananigonga bega: “Kaka, mbona unayumba, umekunywa?”

Nimekunywa upepo, dada. Kunja hilo dera!