Toa mapicha kwenye databesi kabla hujamlaumu mwenye seva

Wakuu habari zenu. Mwisho wa mwezi ndo siku ngumu kuliko zote kwenye SACCOS ya walimu. Mshahara umeingia, kila mtu anataka aone makato yake, aone salio, aombe mkopo wa dharura, wote saa moja na wote kwa simu. Siku kama hiyo saa tatu asubuhi nikapigiwa na katibu wa chama, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, nikamwamkia, akaitikia haraka haraka marahaba mwanangu, halafu akaniambia, "Huu mfumo unasema umeshindwa kuunganishwa na databesi, na hapa mlangoni nina watu."

Nikafungua kwenye laptopu yangu, ikafunguka vizuri tu. Nikarifreshi, ikagoma. Nikarifreshi tena, ikakubali. Kosa la namna hii, linalokuja na kuondoka, linatesa kuliko lile la kukataa moja kwa moja, manake unaanza kugusa kila kitu na kila unachogusa unaona kama kimesaidia. Nikabadilisha paswedi ya databesi, nikawasha seva upya, ikatulia nusu saa nikajua nimemaliza, ikarudi vile vile. Siku tatu hizo. Nikampigia mwenye seva nikamtolea maneno ambayo baadaye ilibidi nimwombe radhi, kwa sababu seva yake ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kinatuua ni picha za wanachama.

Ngoja nieleze vizuri, manake hapa ndo penye jambo lenyewe.

Mfumo ule niliukuta. Aliyeutengeneza mwanzo aliweka picha ya pasipoti ya kila mwanachama na skani ya kitambulisho chake cha NIDA ndani ya databesi yenyewe, kwenye jedwali lile lile la wanachama lenye jina na namba ya simu. Na sitaki mtu amcheke, hata mimi nilipoanza PHP (lugha ya kuandikia programu za mtandaoni) nilifanya hivyo hivyo, kwa sababu inavutia kweli: kila kitu kiko sehemu moja, ukichukua bakapu umechukua vyote, mwanachama akifutwa picha yake inaondoka naye. Kolamu akaipa aina ya BLOB, yaani ya kuwekea mafaili ghafi kama picha, kama wanavyofanya wengi, bila kujua kwamba kwenye MySQL, ambayo ndo programu ya databesi tunayotumia, hiyo BLOB ya kawaida inabeba baiti 65,535 tu, yaani kilobaiti 64 hivi. Picha ya simu ya siku hizi ina megabaiti 2, 3, mpaka 5. Unajua kinachotokea? Kama MySQL haijawekwa kwenye hali ya ukali, yaani strict mode, inayokataa kitu kisichoenea (toleo la 5.7 ndo lilianza kuja nayo yenyewe, ya zamani haikuwa nayo) basi inakata tu. Inachukua baiti 65,535 za mwanzo, zinazobaki inazitupa, inaacha onyo ambalo hakuna mtu analisoma, na skrini inakwambia umefanikiwa.

Siku niliyoamua kuangalia ndani badala ya kubahatisha, niliandika SELECT id, LENGTH(picha) FROM wanachama, yaani nipe ukubwa wa kila picha kwa baiti, nikabonyeza enta, na nikabaki naangalia. 65535. 65535. 65535. 65535. Safu baada ya safu namba ile ile, kurasa na kurasa. Nikafungua picha mojawapo: mwalimu wa kike kavaa kitenge, paji la uso lipo, macho yapo, halafu kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu. Hizo nusu za chini hazipo popote, huwezi kuzirudisha, hazikuwahi kuhifadhiwa hata sekunde moja.

Yule wa mwanzo kumbe alishaliona hilo, ila dawa yake ndo iliyotufikisha mwisho wa mwezi ule. Akabadilisha kolamu kuwa LONGBLOB, ambayo inabeba mpaka gigabaiti 4, basi picha zilizofuata zikaingia nzima nzima na uzito wake wote, hakuna kupunguza, hakuna chochote. Jedwali la wanachama ambalo lilitakiwa liwe la megabaiti chache likafika gigabaiti 6 na ushee.

Sasa picha zinaingiaje kwenye koneksheni, yaani zile nafasi za kuongea na databesi? Hivi. Ukurasa wa kuomba mkopo unaonyesha wanachama wenzako ili uchague wadhamini, 20 kwa ukurasa, kila mmoja na picha yake. Kila picha inaitwa na skripti inayokwenda databesi kuichota. Na skripti yenyewe ilikuwa inafungua koneksheni mbili, moja ya kuhakikisha umelogin, nyingine ya kuleta picha. Brauza kwenye HTTP/1.1 (toleo la zamani kidogo la lugha ya brauza na seva) inaomba vitu mpaka 6 kwa mpigo kutoka saiti moja. Sita mara mbili ni 12. MySQL ikiwa haijaguswa inakubali koneksheni 151. Gawanya: walimu 13 tu wakifungua ukurasa ule kwa pamoja wanahitaji 156, na huyo wa kumi na tatu anaanza kuambiwa databesi haipatikani! Na haziachiliwi haraka, manake pale kwetu skripti ilikuwa haimalizi mpaka simu ya mwalimu aliyeko kijijini kwenye mtandao wa kusuasua imeze megabaiti 3 zote, muda wote huo kashikilia nafasi mbili ambazo mwenzake anazihitaji aone salio tu.

Ndo maana mimi kwangu ilifunguka na kwa katibu ikagoma. Ilikuwa foleni tu.

Na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye logi tangu siku ya kwanza. Namba 1040. Hicho ndo kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilibadilisha paswedi kwenye tatizo ambalo namba yake inasema wazi koneksheni zimejaa. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujagusa kitu chochote, soma namba. 1045 ni jina au paswedi, au mtumiaji huyo haruhusiwi kutokea kwenye mashine hiyo. 1049 databesi ya jina hilo haipo, na kwenye hosti za kuchangia mara nyingi ni kwa sababu umesahau kwamba jina lako la akaunti linatangulia mbele ya jina la databesi. 2002 maana yake hata mlango hujaufikia, MySQL imezimika au unagonga sehemu sio, na hapa kuna kitu kimoja kimewapotezea watu wengi usiku mzima: kwenye Linux ukiandika localhost, programu inapita kwenye faili la soketi, ukiandika 127.0.0.1 inapita kwenye mtandao, poti 3306. Ni njia mbili tofauti kabisa hata kama zinakwenda kwenye seva moja, moja inaweza kufa na nyingine ikawa hai, kwa hiyo zijaribu zote mbili kabla hujasema seva imekufa.

Halafu kuna 2006, ile inayoandika "MySQL server has gone away". Watu wakiona hivyo wanadhani seva imezima. Inawezekana, au koneksheni imekaa bure mpaka imekatwa (saa 8 ndo kawaida yake, sekunde 28,800), ila ukiiona wakati mtu anapandisha picha basi nenda moja kwa moja kwenye max_allowed_packet. Huo ndo mzigo mkubwa kabisa ambao MySQL inakubali kwa mara moja. Kwenye 5.7 ni megabaiti 4, kwenye 8.0 ni 64, MariaDB, ndugu yake MySQL, ni 16. Picha ya megabaiti 5 kwenye 5.7 inatosha kabisa kukatiwa mawasiliano. Yaani unaona tena: kosa linaonekana la koneksheni, chanzo chake ni faili ulilolazimisha lipite mahali pasipo pake.

Najua kuna watakaosema si unaongeza tu max_connections iwe 500, unaongeza max_allowed_packet, mambo yanaenda. Nimefanya hivyo, siku ya pili ya zile tatu. Kila koneksheni inakula ramu, na kila moja ilikuwa inabeba picha nzima mkononi, seva ya gigabaiti 2 haikumaliza hata saa moja, Linux ikaiua MySQL kuokoa mashine na kosa likageuka kutoka 1040 kuwa 2002. Badala ya wachache kukataliwa, wakakataliwa wote.

Msimamo wangu basi ni huu: faili linakaa kwenye diski, databesi inakaa na anuani ya faili. Jina, saizi, nani kalipandisha, lini, na njia ya kulifikia. Basi.

Sisemi kila faili kila mahali, na hapa niwe mkweli. Mwaka 2006 watafiti wa Microsoft, akiwemo Jim Gray ambaye watu wa databesi wote wanamjua, walipima hili jambo kwa SQL Server, databesi ya Microsoft wenyewe, na diski, wakakuta vitu vya chini ya kilobaiti 256 vinakwenda vizuri zaidi ndani ya databesi, vya zaidi ya megabaiti 1 vinakwenda vizuri zaidi kwenye diski, katikati hapo inategemea. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo ila mantiki yake bado naiamini. SQLite, databesi ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe, nao walipima vijipicha vya kilobaiti 10 wakakuta kuvisoma ndani ya databesi kuna kasi ya asilimia 35 zaidi kuliko kufungua faili moja moja. Kwa hiyo kama unatengeneza programu ya simu inayofanya kazi bila mtandao, na unahifadhi saini za vidole au vijipicha vidogo, weka tu ndani ya SQLite kwa amani. Hata pale kwenye SACCOS saini za wanachama nimeziacha ndani, kilobaiti 4 au 5 kila moja, hazimsumbui mtu. Ila skani za vitambulisho, PDF za mikataba, picha za kamera? Hapana.

Na tafadhali, usije ukasema umekwepa kwa kugeuza picha kuwa base64, yaani maandishi matupu, ukaiweka kwenye kolamu ya TEXT. Hiyo ni mbaya zaidi, uzito unaongezeka kwa theluthi nzima na TEXT nayo inagota pale pale kwenye baiti 65,535.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naipa heshima yake yote, usalama. Mtu anasema ndani ya databesi angalau kuna paswedi, nikiweka kwenye folda la uploads kila mtu ataona. Ni kweli kabisa, nimeshaona mafolda ya namna hiyo, unafuta jina la faili kwenye anuani unabonyeza enta na vitambulisho vya watu vinajipanga mbele yako. Hapa kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, kile ni kitambulisho cha mtu amekukabidhi. Dawa yake ni folda liwe nje ya public_html (lile linaloonekana mtandaoni), majina ya mafaili yawe ya kubahatisha yasiyo na namba ya mwanachama, na skripti ihakikishe wewe ni nani kwanza, ifunge koneksheni ya databesi, ndo ianze kutuma faili. Huo mstari wa kufunga mapema nausisitiza kwa makusudi. Bila huo unaweza ukahamisha picha zote na foleni ikabaki pale pale.

Kuhamisha kwenyewe ilichukua usiku mmoja wa Jumamosi. Skripti inachota picha 50, inaziandika kwenye diski, inalinganisha saizi ya faili na LENGTH ya kwenye databesi, zikilingana ndo inaandika njia yake, halafu inaendelea. Kila moja nikaitolea kijipicha cha kilobaiti 15 kwa ajili ya ule ukurasa wa wadhamini. Nikakaa wiki mbili bila kufuta chochote, halafu ndo nikazitoa kolamu za zamani. Kama wewe hutaki kutoa kolamu, unaweka tu NULL, jua kwamba diski haitarudi yenyewe, InnoDB, ile sehemu ya MySQL inayotunza data kwenye diski, inaishikilia ile nafasi mpaka uendeshe amri ya OPTIMIZE TABLE, nayo inahitaji nafasi ya kutosha ya kutengenezea nakala mpya. Sasa hivi bakapu ya databesi inaisha ndani ya sekunde chache, ya mafaili inakwenda peke yake usiku kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, mafaili mapya tu. Ni bakapu mbili badala ya moja, ndo gharama yake, na inabidi mara moja moja upitishe ukaguzi wa mafaili yasiyo na mwenyewe. Nimeikubali.

Mwisho wa mwezi uliofuata nilikaa na Threads_connected, hesabu ya koneksheni zilizo wazi, mbele yangu tangu saa moja asubuhi. Haikuvuka 20. Katibu hakupiga simu.

Alipiga wiki iliyofuata, kwa jambo lingine. Nilikuwa nimempa orodha ya wanachama wenye ile 65535, ambao picha zao zimekatika, ni zaidi ya watu 200, akaniuliza kama kweli hakuna namna. Nikamwambia hakuna mama, itabidi wapigwe upya. Akaanza kuwaita mmoja mmoja kila wanapokuja mjini kufuata mshahara. Wengine wameshastaafu wamerudi vijijini kwao, na wawili wamefariki, familia zao zilikuja kuulizia picha ya mwisho ya mzazi wao iliyopo kwenye faili la chama, na iliyopo ni ile inayoishia machoni.