Wastani haujazi dumu

Kwenye msumari karibu na koki ya uani kwetu, mke wangu ametundika daftari la shule. Maji yakitoka, aliye macho anaandika siku, saa yalipoanza na saa yalipokata. Tulianza kwa utani. Sasa hata mpangaji wetu hukimbilia kalamu kabla ya ndoo.

Daftari hilo hunijia kila nisomapo ripoti za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji nchini Tanzania. Mamlaka za maji za miji zinawajibika kuipelekea takwimu zao: wateja waliounganishwa, maji yanayozalishwa, yanayopotea njiani, wastani wa saa za huduma kwa siku. EWURA huzichapisha kila mwaka, nami naishukuru.

Kinachonikera ni hilo neno wastani. Mtaa mmoja ukipata maji saa 24 na mwingine wa ukubwa uleule usipate tone, wastani ni saa 12. Sasa nionyesheni aliyepata hizo 12!

Hapa Tabora zamani kila shida tuliisukumia Bwawa la Igombe. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike, swali langu limehama kutoka kwenye chanzo kwenda kwenye mabomba: yanafika mtaa gani, siku ngapi kwa wiki? Mtu wa Isevya anataka namba ya Isevya.

Wala sioni mzigo wa kuikusanya namba hiyo. Msoma mita anafika mlangoni, na bili hainikosi kwenye simu. Anayejua nimetumia yuniti ngapi anashindwaje kuandika siku ambazo koki ilikuwa kavu? (Mita haisomi ukame, najua. Lakini msomaji wake ana mdomo wa kuuliza.)

Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 30 kumjibu mwananchi. Ila inahusu taarifa ambayo ofisi inayo. Isiyokusanywa utaiombaje? Ndiyo maana nataka wajibu uanzie kwenye kukusanya: kipimo kiwe mtaa, si mji, na namba zibandikwe kila mwezi ofisi ya serikali ya mtaa, pale pale tunaposomea matangazo ya mikutano.

Jumanne iliyopita daftari letu linasema: saa 9:10 usiku hadi 10:25. Mwandiko wa mpangaji. Pembeni ameongeza, bila kuombwa: madumu saba, mawili ya mwanzo maji mekundu.