Nifanye Nini, Shemeji?

Korosho haipasuliwi kwa meno. Mtoto wa chekechea wa Mtwara analijua hilo. Mimi nina miaka 18 mjini hapa, nimekuja kutoka Dodoma nikiwa bado na nywele, na Jumamosi moja ya Oktoba niliipasua kwa meno, mbele ya mgeni.

Mgeni mwenyewe ni shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, kutoka Bukoba. Alishuka stendi ya Mkanaledi Ijumaa usiku, miguu imevimba kwa basi. Mwezi mzima nilikuwa nikimtambia kwenye simu kwamba hakuna anayejua vyakula vya Mtwara kunishinda mimi, na kwamba siku moja tu inanitosha kumlisha mji mzima. Asubuhi, kabla hatujatoka, nikaona nimfungulie macho kwa korosho za kuchoma nyumbani.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mwenye subira. Unatoboa kipande cha debe matundu kwa msumari, unatia korosho ghafi zisizidi tabaka mbili, unaweka kwenye mafiga nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni kwako, unakoroga kwa mti mrefu. Mafuta ya ganda yanadondokea motoni, unapanda moshi mweusi unaowasha macho, halafu korosho zenyewe zinashika moto. Hapo usiogope, ndiyo unachosubiri. Ganda likishakuwa jeusi unazimwaga mchangani na kuzifukia, mchanga uzime moto na unyonye mafuta yaliyobaki. Zikipoa unapaka mikono majivu, unaisimamisha korosho kwa ubavu juu ya jiwe, unagonga kwenye mshono.

Sasa, jirani alikuwa ameanika mashuka meupe. Moshi ulipoelekea kwake alitokeza dirishani akaniita kwa jina langu lote, hadi la babu. Nikaepua haraka. Korosho zilikuwa za kahawia tu, hazijawaka, mafuta yote yangali ndani ya ganda.

"Mnazipasulia nini?" shemeji akauliza.

Jiwe lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Lakini nilikuwa nimechuchumaa, nina kitambi, na nilitaka sifa. "Sisi wenyeji?" nikasema. "Hivi." Nikapasua tatu mfululizo.

Mafuta ya ganda la korosho hayana haraka kama pilipili. Yanakuacha umalize kujisifu kwanza. Yakianza kuwasha, maji matupu ni kuyasambaza tu: inatakiwa ufute kwanza kwa mafuta ya nazi, kisha sabuni, ndipo maji. Mimi nilianza na maji, nikasugua kwa mkono uleule ulioshika maganda, na kumalizia na shati.

Tulipofika Magomeni kwa mama wa mbaazi, midomo yangu ilikuwa imetangulia.

Huyu mama mfikie kabla ya saa mbili na nusu. Mbaazi zake analoweka usiku, anachemsha na tui jepesi, tui zito anatia mwisho na hataki lichemke kwa fujo, maana likikatika chakula kinakuwa maji huku na chicha kule. Ukichelewa utakuta chapati tu na pole. Nikataka kuagiza, ndipo nikagundua kwamba midomo haifungiki. Na mtu asiyeweza kufunga midomo hana m, hana b, hana p.

"Nana," nikasema, "nletee ntu huyu nvaazi."

Mama akasimama na upawa hewani. Mtwara hii wengi wanasema "ntu" na "nkono" na "Ntwara yetu," na miaka yote hiyo mama amekuwa akinicheka kwa Kiswahili changu cha redioni. Akageuka kuwaambia wateja wengine, "Nnamsikia? Sasa ndo anaongea kama ntu!" Akaniongezea chapati ya bure. Nikashindwa kuila, chumvi ya mbaazi iligusa mdomo nikaona nyota. Shemeji akala zote mbili.

Soko kuu nilimpeleka kwenye ming'oko. Kwa asiyejua, ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, huchimbwa na kuchemshwa na chumvi pamoja na ganda lake. Unabana ncha moja, unavuta ganda, kinachobaki kina utamu kama wa kiazi ila kina unga zaidi. Chagua iliyonyooka na isiyo na nyuzi. Mnene sana mara nyingi una kamba katikati. Muuzaji anakupa kwenye kijimfuko pamoja na chumvi, pilipili na ndimu. Chumvi, pilipili na ndimu! Nilisimama pale nikitazama chakula ninachokipenda kuliko vyote Mtwara kama mtu anayetazama harusi ya mchumba wake wa zamani. Shemeji akachovya mmoja, akatafuna, akasema, "Sheneji, hiki ni kitu gani kizuri hivi?" Ndiyo, na yeye alishaanza kuniita sheneji.

Pembeni akanunua bibo, tunda la mkorosho. Nilitaka kumwonya kwamba unainamia mbele ukiling'ata, maji yake yakiingia kwenye nguo doa halitoki hadi nguo ife. Nikasema, "Inana! Inana!" Akadhani namwita mtu. Shati la kuendea kanisani Jumapili likapata ramani ya ziwa, tena lenye visiwa.

Mchana tukashuka Feri. Pale kuna kosa moja wageni wote hulifanya: kununua samaki aliyekwisha kukaangwa na kupangwa kwenye sinia. Usifanye hivyo. Chagua mbichi, fungua shavu uone kama ni jekundu, mwambie mama akukaangie yeye huyo. Mimi huchukua samaki aitwaye changu, kwa ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa tui na korosho mbichi iliyotwangwa. Siku hiyo nilikunywa uji kwa mrija. Supu ya pweza ya jioni sina la kueleza, nilibaki kunusa tu. Ila ukienda, jaribu kipande kwa kijiti: kikizama bila kusukumwa ndiyo pweza wako, kikidunda mwachie mwenyewe aendelee kuchemsha.

Kosa lenyewe kubwa lilikuja katikati, saa kumi hivi. Shemeji alitaka kuona uraka, pombe ya maji ya mabibo, tukaenda kwenye kilabu kimoja upande wa Chuno. Mama wa pale alikuwa na kikaango motoni, harufu ya vitunguu imejaa uani. Shemeji akauliza kuna kitoweo gani.

"Samaki nchanga," mama akasema.

"Wa mchangani! Wa ufukweni huyo," shemeji akanieleza mimi, mwenyeji. "Niwekee wawili."

Wasomaji wa kusini mnacheka tayari. Samaki nchanga hajawahi kuona bahari. Ni panya wa porini, si huyu wa darini: anababuliwa manyoya, anapasuliwa na kusafishwa, anachemshwa kwa chumvi, anakaushwa kwa moshi, ndipo anakaangwa. Wapenzi wake watakuapia kwamba kuku hafui dafu. Lakini mtu anastahili kujua kabla, si baada. Nikamshika shemeji mkono.

"Sheneji! Ni fanya!"

"Nifanye nini?"

"Fanya! Huyo ni fanya!"

"Sawa, nafanya," akasema, akatia pande la kwanza kinywani.

Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Nikaweka vidole viwili juu ya kichwa kuonyesha masikio. Nikatoa mkono nyuma kuonyesha mkia. Mama akaniuliza kama uraka umenikolea, wakati sijaonja hata tone. Shemeji akala wa kwanza, akala wa pili, akavunja mifupa, akaagiza watatu wengine. Ilipofika mwisho ndipo akaona kitu kirefu chembamba pembeni ya sahani, akakiinua juu kwa vidole viwili.

"Samaki gani ana mkia kama huu?"

Nikachukua kijiti nikaandika mchangani: PANYA.

Shemeji aliyatazama maandishi yale muda mrefu. Uani pakawa kimya, hata walevi walinyamaza. Kisha akafungua begi lake taratibu, akatoa pakiti ya senene za kukaangwa alizokuja nazo kutoka Bukoba, akammiminia mama kiganjani kama shukrani.

Mama alizisogeza kwa ncha ya kidole, akazigeuza, akaona miguu.

"Panzi?" akasema. "Ntu nzima na akili zake anakula panzi?"