Anayelia Mlangoni na Wale Wasiobisha Hodi

Mwalimu yuko ofisini akikamilisha alama za mwisho wa mwaka. Mwanafunzi anabisha hodi, anaingia, na kabla hajaimaliza sentensi ya pili machozi yanamlengalenga: mama yake amelazwa kwa miezi miwili, yeye ndiye aliyekuwa akimuuguza usiku, na sasa amepungukiwa alama tatu tu ili apate nafasi ya kuendelea na masomo. Mwalimu anakumbuka alivyomuuguza mzazi wake mwenyewe, moyo unamuuma kwelikweli, na kalamu inajiendea yenyewe. Alama tatu zinapatikana. Wengi wetu tungemwita mwalimu huyo mtu wa huruma, na hatungekosea. Lakini nafasi za kuendelea zina idadi yake, na alama tatu alizopewa mmoja zimemsukuma nje mwingine, ambaye pengine naye alikuwa na mgonjwa nyumbani, ila hakubisha hodi kwa sababu ya haya, au kwa sababu hakuwahi kudhani kwamba mlango ule hubishwa kwa shida ya namna hiyo.

Nani ametendewa haki hapa? Swali hilo ndilo lililo ndani ya mjadala ambao mwanasaikolojia Paul Bloom aliuchochea upya mwaka 2016, alipochapisha kitabu cha kupinga dhana iliyoenea kwamba kadiri tunavyohisi maumivu ya wenzetu ndivyo tunavyokuwa watu wema. Hadai kwamba tuwe na mioyo migumu. Anatenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili, kwa ukarimu wake, huyabeba katika neno moja la huruma. La kwanza ni kuumia pamoja na anayeumia, uchungu wake ukakuingia na kuwa wako; nitaliita huruma ya kuguswa. La pili ni kumtakia mwenzako heri, kujali hali yake na kuwa tayari kugharamika kwa ajili yake bila kulazimika kuuonja uchungu wenyewe, huku akili ikipima ni tendo gani litakalomfaa yeye na wengine walio katika hali kama yake. Hili nitaliita huruma ya busara. (Wazee wanaposema fulani ana imani, wakimaanisha si dini bali moyo wa kutomdhulumu mnyonge, nadhani wako karibu zaidi na hili la pili.) Kwa Bloom, huruma ya kuguswa ni kiongozi mbaya wa maamuzi ya kimaadili, na huruma ya busara ndiyo inayostahili kushika usukani.

Ushahidi wa upande huo si haba. Mwaka 1995, Daniel Batson na wenzake waliwasikilizisha washiriki wa utafiti mahojiano na Sheri, msichana wa miaka 10 mwenye ugonjwa usiopona, aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri msaada wa kumpunguzia mateso. Kisa kilikuwa cha kutungwa, jambo ambalo washiriki hawakulijua. Waliulizwa kama wangependa asogezwe mbele, huku wakielezwa waziwazi kwamba baadhi ya waliomtangulia wana hali mbaya zaidi au wamesubiri kwa muda mrefu zaidi. Miongoni mwa walioelekezwa kusikiliza kwa jicho la mtu wa nje, karibu theluthi moja walimsogeza. Miongoni mwa walioelekezwa kufikiria jinsi msichana yule anavyojisikia, walimsogeza karibu robo tatu. Hao wengine kwenye foleni nao walikuwa watoto wenye mateso, ila hakuna aliyekuwa amezisikia sauti zao. Katika jaribio jingine la utafiti uleule, watu waliompendelea mtu waliyemhurumia walikiri wenyewe kwamba upendeleo wao haukuwa wa haki. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba huruma ya kuguswa haihitaji kutufumba macho ili itushinde.

Jaribio la pili linahusu fedha. Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha mwaka 2007 matokeo ya utafiti ambamo washiriki, wakiwa na dola 5 walizolipwa kwa kujaza dodoso, waliombwa kuchangia vita dhidi ya njaa barani Afrika. Waliosoma habari za Rokia, msichana wa miaka 7 kutoka Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa walitoa dola 1.14. Mtu angetarajia kwamba kundi la tatu, lililopewa picha ya Rokia pamoja na takwimu, lingetoa zaidi ya wote, maana lilikuwa na sababu zote mbili za kutoa. Lilitoa dola 1.43. Takwimu zilipoingia, Rokia mwenyewe alipungua. Moyo unaoguswa hauwezi kuhesabu, na ukilazimishwa kuhesabu unapoa.

Tena kuguswa kwenyewe kuna wenyewe. Akipenda, chongo huita kengeza, nasi huguswa upesi na anayefanana nasi, anayesema lugha yetu, mwenye sura ya kupendeza au anayejua kujieleza. Mwaka 2006 Tania Singer na wenzake waliwachezesha watu mchezo wa fedha pamoja na wachezaji wawili, mmoja mwaminifu na mwingine mlaghai, kisha wakachunguza bongo zao walipokuwa wakiwatazama wachezaji hao wakiumizwa. Kwa wanaume hasa, maumivu ya mlaghai yaliamsha hisia kidogo sana, na sehemu za ubongo zinazohusika na kuridhika zikachangamka. Ukiifuata hoja hii unafika mahali pa kutisha: mchochezi anayetaka umati uwavamie majirani haanzi kwa kuwafundisha watu ukatili, bali huwaonyesha mwathiriwa mmoja wa upande wao, huwasimulia mateso yake kwa kina, na huiacha huruma yao ifanye kazi iliyobaki.

Kuhusu wauguzi na watu wengine wanaoishi na mateso ya wenzao kila siku, itoshe kusema kwamba utafiti wa Olga Klimecki na Singer umeonyesha kwamba kufunzwa kuumia pamoja na wengine huongeza dhiki ya anayefunzwa, ilhali kufunzwa kuwatakia heri hurudisha hisia njema. Muuguzi anayelia na kila mgonjwa hadumu, na wagonjwa wake wanalijua hilo kabla yake.

Hadi hapa mizani imelalia upande mmoja, na kama hoja ingeishia hapo ningeikubali bila kinyongo. Ila upande wa pili una jibu ambalo watetezi wa huruma ya busara hulipita haraka mno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akili hupima kile ilichowekewa mezani tu, na swali linalotangulia upimaji wote ni hili: nani alijua kwamba kuna jambo la kupimwa? Mwalimu wetu hakuwa na safu ya wanaouguza katika daftari lake la alama. Asingeguswa na yule kijana, angeendelea kutoa alama kwa usawa usio na doa huku akiwaumiza wote wenye wagonjwa, na angelala usingizi mzuri kwa kujua kwamba hakumpendelea mtu. Huruma ya kuguswa ilimdanganya kuhusu dawa, lakini ilimweleza kweli kuhusu ugonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mambo makubwa. Mwezi Septemba 2015, vita vya Syria vilikuwa katika mwaka wake wa tano na takwimu za waliokufa zilikuwa zikichapishwa kila mara bila kuzuia usingizi wa watu wa mbali. Kisha ikaja picha ya Alan Kurdi, mtoto mkimbizi wa Syria aliyezama baharini, akiwa amelala kifudifudi ufukweni, na michango kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Sweden ikapanda kwa kasi kubwa, kabla ya kushuka tena baada ya wiki chache. Mpinzani wa huruma ya kuguswa atasema: tazama jinsi ilivyoisha upesi. Mtetezi wake atamuuliza: na takwimu zako, zilianza lini kufanya kazi? Nikiri kwamba katika mabishano haya kila mmoja ananishawishi kwa zamu yake.

Kuna hoja nyingine, ya wale wanaosema kwamba akili bila hisia haiendi popote. Mwanafalsafa David Hume, katika karne ya 18, alidai kwamba akili ni mtumwa wa hisia, na daktari wa ubongo Antonio Damasio ameeleza habari za wagonjwa walioharibika sehemu ya chini ya mbele ya ubongo, ambao waliendelea kufanya vizuri katika vipimo vya akili huku maisha yao yakiporomoka kwa maamuzi mabaya. Hoja hii hutajwa mara nyingi, ingawa naona haigusi shabaha. Inathibitisha kwamba tunahitaji kujali, na kujali hata huruma ya busara inako. Haithibitishi kwamba tunahitaji kuumia. Tunawafahamu watu wasiosoma kwa urahisi hisia za wenzao usoni na ambao hata hivyo ni waungwana wasiomdhuru mtu, kama tunavyowafahamu matapeli wanaozisoma vizuri mno.

Pingamizi lenye uzito kwangu ni jingine: akili inayosifiwa hapa nayo ina wapendwa wake. Tunaizungumzia kana kwamba ni mizani ya dukani, ilhali mara nyingi ni wakili aliyekodiwa baada ya uamuzi kufanyika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini anaweza kumwandikia ripoti ndefu kwa nini njaa yake ni gharama isiyoepukika kwa manufaa ya wengi. Waliowahamisha watu kwa nguvu na waliowatoa mhanga wachache kwa ajili ya kesho iliyo bora hawakukosa mahesabu. Walichokosa ni kitu cha kuwatetemesha mkono. Bloom angesema kwamba hayo ni matumizi mabaya ya akili, na kweli ni hivyo. Lakini kama makosa ya akili tunayaita matumizi mabaya, hatuna budi kuwa wakarimu vilevile kwa makosa ya moyo, la sivyo mchezo umeamuliwa kabla haujaanza.

Nikitafuta mfano wa viwili hivi kufanya kazi pamoja, mawazo yangu huenda kwenye mchoro wa Brookes, meli ya kusafirisha watumwa, uliosambazwa na wapinga biashara ya utumwa nchini Uingereza kuanzia miaka ya 1788 na 1789. Hauna sura ya mtu mmoja wala jina wala machozi. Ni ramani ya sitaha, iliyochorwa kwa vipimo, ikionyesha zaidi ya watu 400 wamepangwa kama magunia. Kazi ya akili tupu, mtu angesema, maana waliouchora walitegemea vipimo vya meli halisi na nafasi iliyotengewa kila mwili. Hata hivyo walioutazama walihisi kubanwa kifua. Hesabu ilipangwa kwa namna ambayo jicho liliweza kuiumia, na maumivu yale hayakumwelekea mateka mmoja aliyebahatika kuchorwa vizuri, yaliwaelekea wote kwa pamoja. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo, kwa sababu nyingi ambazo mchoro ule ni moja tu. Lakini ni vigumu kuutazama na kusema wapi akili imekoma na wapi moyo umeanza.

Kwa hiyo naona kwamba mjadala umeulizwa vibaya unapotutaka tuchague kimoja kwa mambo yote. Huruma ya kuguswa ni shahidi, na shahidi husikilizwa kisha akahojiwa: umeona nini, na nini hukukiona kwa mahali ulipokuwa umesimama? Hapewi kiti cha hakimu. Wala hakimu anayewafukuza mashahidi wote kwa sababu wana machozi hastahili kuitwa mwadilifu. Panapogawanywa kitu kisichotosha baina ya watu ambao wengi wao hatuwaoni, iwe ni dawa, fedha au nafasi za masomo, neno la mwisho liwe la huruma ya busara, na hapo nakubaliana na Bloom karibu kwa kila kitu. Nyumbani na baina ya marafiki hali ni tofauti: mtoto anayegundua kwamba baba alikuja kumtazama hospitalini baada ya kupima kwamba ziara hiyo ndiyo matumizi bora ya saa zake atakuwa ameupata ukweli na kupoteza kitu.

Mwalimu wetu, basi, afanye nini? Azifute zile alama tatu alizoongeza, jambo ambalo litamuuma. Kisha ailete habari aliyoipata mbele ya wenzake bila kulitaja jina: wako wanafunzi waliofanya mtihani huku wakiuguza, hatujui ni wangapi, na hatukuwahi kuuliza. Wote waulizwe kwa maandishi, ili asiyejua kulia mbele ya watu awe na nafasi sawa na ajuaye, na wenye sababu ya kweli wapewe mtihani mwingine. Kuna watakaodanganya, shida hiyo ilikuwepo hata ofisini, ila pale haikuwa na wa kuihakiki.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kijana bado ameketi kwenye kiti akisubiri jibu, na jibu la leo ni hapana. Hapo busara imekwisha sema yake na haina la kuongeza. Mwalimu anaweza kumweleza utaratibu mpya akiwa ameinamia karatasi zake, au anaweza kuweka kalamu chini, akafunga mlango, na kumuuliza mama anaendeleaje.