Ukisusa, Wenzio Wala

Kila bei ya vifurushi vya intaneti inapopanda, haiishi siku bila mtu kuandika "jamani, tususie!" Na anayaandika hayo akitumia kifurushi kilekile. Mimi huko naita kununa. Neno la Kiingereza la kususia, "boycott", lilizaliwa kwenye shughuli nzito zaidi.

Ni jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alisimamia ardhi ya kabaila Lord Erne huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliokodi mashamba yale waliomba kodi ishuke kwa asilimia 25. Wakakataliwa, na hati za kuwafukuza zikaanza kupelekwa milangoni. Basi vibarua wakatoka shambani kwa Boycott. Dobi akaacha kumfulia, mhunzi akamkatalia kazi, wenye maduka wa mji wa Ballinrobe hawamuuzii kitu. Mazao yakabaki yanamsubiri mvunaji. Ikabidi waletwe watu 50 kutoka kaunti za Cavan na Monaghan, wakavuna huku wakilindwa na mamia ya askari. Ilikadiriwa kuwa ulinzi huo uligharimu pauni 10,000, kwa mazao ya pauni 500 hivi! Mwaka haujaisha, kapteni akahama Ireland.

Mwandishi wa habari Mmarekani, James Redpath, alisimulia kwamba yeye na Padri John O'Malley walikuwa wakitafuta neno la adhabu hiyo ambalo mkulima wa kawaida angelielewa. Padri akasema: tuseme "kumboycott".

Sisi tunasema kususia, na ndani yake yumo yule mtoto aliyesusa chakula, anachungulia mlangoni kama kuna atakayembembeleza. Wahenga walishamjibu: ukisusa, wenzio wala. Sasa angalia Mayo. Dobi angesusa peke yake, kazi angepewa dobi mwingine, yeye akalala njaa. Kilichombana Boycott ni kwamba hakuna mwenzio aliyebaki wa kula. Na walioumia mfukoni kwanza ni hao vibarua wenyewe, maana ule ujira wa shambani waliuhitaji. Hapo ndipo wito wetu wa mtandaoni unapoishia njiani: kila mtu anangoja jirani aanze.

Juni 26, 1959, Julius Nyerere alihutubia mkutano jijini London uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Aliwaambia Waingereza kwamba hawaombi jambo kubwa, wasinunue tu. Kampeni ile ikawa vuguvugu la kupinga ubaguzi wa rangi, na lilidumu hadi uchaguzi wa 1994.