Mshikieni Karata Zake

Binti wa mdogo wangu ana miaka minane, na kila Jumamosi usiku kazi yake ni kumshikia shangazi yake karata. Anakaa mkekani, miguu ameikunja, karata kazitandaza mkononi kama kipepeo cha ukili. Ubavuni kwake, nyuma kidogo, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, kioo kimeelekea karata zake na sisi tulio mbele. Kwa hiyo shangazi mtu anaziona karata zake, na sisi tunauona uso wake. Kilichoko katikati ya mkeka hakioni, kwa hiyo kila karata inayotua tunaitaja kwa sauti: "Mama katupa mzungu wa tatu wa kopa." Kimya kidogo. Kisha simu inasema, "Tupa ile ya pili kutoka kidole gumba," na mtoto anaitupa.

Shangazi mwenyewe, dada yangu, yuko Leicester, Uingereza. Ameondoka hapa Unguja tangu 2009.

Mtoto tumempa masharti mawili: asimwambie mtu shangazi ana nini mkononi, na asibadilishe uso. La pili linamshinda. Akiokota ree ya turufu, karata inayoshinda zote, nyumba nzima tunajua.

Mchezo wetu ni wahedi wa sitini. Kwa wasioujua: tunaondoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40. Ree (karata ya moja) ina 11, seti (saba) ina 10, kisha karata za picha: mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2, na zilizobaki ni magarasa, hazina kitu. Kila jamii ya karata inatoa 30, zote nne 120, na watu wawili wawili wanashindania kuvuka nusu. Ukifika 61 umeshinda, na ndiyo maana ya jina lenyewe, moja na sitini kwa Kiarabu. Majina ya karata nayo yalikuja na Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na kung'olewa Mombasa 1698: kopa, uru, pau, shupaza, turufu, hata neno karata lenyewe. Nikiwa mdogo nilidhani ni maneno yetu tangu Nuhu. Leo napenda kujua kwamba mchezo tunaouchezea uani kwetu Mikunguni umejengwa kwa maneno ya watu waliovuka bahari. Unamfaa mtu aliye ng'ambo.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Naona sisi tuliobaki nyumbani tunawakosea ndugu zetu walio nje, na tunawakosea kwa namna tunavyopiga simu. Tumezigeuza simu zetu kuwa taarifa ya habari. "Hamjambo? Hatujambo. Wazee? Wazima. Watoto? Wanasoma. Huko baridi vipi?" Dakika nne zimekwisha, halafu ama linafuata ombi la pesa, ama kinafuata kimya cha mtu anayetafuta la kusema. Simu ikikatwa kila mmoja anashusha pumzi. Na mtu yule yule ambaye, angekuwa hapa, tungekaa naye saa tatu bila kuulizana hali hata mara moja.

Mimi nimelijua kosa hili kwa gharama. Mwaka 2013 Baba alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito. Alilazwa wiki tatu. Tukakaa kikao, watu wazima wenye akili zetu, tukakubaliana Dada asiambiwe, kwa sababu atafanya nini, nauli hana, karatasi zake za kuishi kule zilikuwa hazijakaa sawa, atalia tu peke yake chumbani. Wiki tatu nzima akipiga tunamwambia Baba kaenda msikitini, Baba kalala, Baba anaoga. "Wote wazima." Nilikuwa mimi niliyesema maneno hayo, mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na kwa sauti ya kawaida kabisa.

Alipokuja kuambiwa hakugomba. Ningefurahi kama angegomba. Alisema hivi: "Mimi nauliza hali, nyinyi mnanijibu salama. Mngeiacha simu wazi nikasikiliza nyumba, ningejua mwenyewe." Maana Baba ana kikohozi chake cha jioni, na ana namna ya kuvuta ndara anapotoka msalani, na nyumba isiyokuwa na sauti hizo mbili Dada angeitambua kwa dakika moja.

Tukaanza hapo kuiacha simu wazi. Karata zilikuja baadaye, zenyewe, kwa sababu ndizo zinazokuwapo ukumbini kwetu usiku.

Hapa lazima nimtaje kaka yake Bibi, aliyekwenda Muscat miaka ya sabini kama walivyokwenda wengi, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwataka Waomani walio nje warudi. Bibi hakuwahi kumwona tena. Barua zilikuwa zinakwenda na mtu, na zikifika zimeshachakaa kwenye mikunjo. Zilipoingia kaseti, watu wakaanza kutumiana sauti. Nakumbuka Bibi akirekodi: kavaa buibui lake zuri, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kakaa wima mbele ya redio kaseti kama anayehutubia, akianza na bismillahi na salamu za jamaa mmoja baada ya mmoja hadi waliokufa akawataja. Siku moja alimaliza akasahau kuizima. Kaseti ikaendelea kuvuta. Ikachukua wajomba wakigombana karata, nani kala mkono usio wake, muuza kahawa akigonga vikombe vyake nje, kuku, mtoto aliyepigwa kofi. Ikatumwa hivyo hivyo. Jibu lililorudi kutoka Muscat halikugusa hata salamu moja katika zile alizohangaika nazo. Babu yetu yule aliuliza jambo moja: ule ugomvi uliishaje, nani alikula? Alisema upande ule wa pili wa kaseti ameurudisha nyuma mpaka utepe umeanza kulia.

Miaka mingi tulilisimulia jambo hilo kama kichekesho. Baada ya Baba kuugua ndipo nilipolielewa.

Dada amekuwa mwenzake Baba katika karata tangu yuko darasa la tano. Mama na mimi ni upande wa pili. Baba hawezi tena kushika karata kumi kwa mkono mmoja, kwa hiyo tunampa brashi ya kufulia, tunaigeuza manyoya juu, anazichomeka humo moja moja na kuzichomoa kwa mkono wa kushoto. Basi ukiuangalia upande wao: mmoja kashikiwa na brashi, mwingine kashikiwa na mtoto. Na wanatufunga. Wanatufunga mara nyingi mno, kwa sababu Baba hasemi sana siku hizi, na Dada amejifunza kumsikiliza hata anapovuta pumzi. Kuna mguno fulani Baba huutoa anapotaka turufu ipigwe. Mama analalamika kwamba hiyo ni ishara, ishara ni haramu katika karata. Baba anasema kwa maneno yake machache kwamba yeye ni mgonjwa, anaguna tu.

Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni, na Juni kule Uingereza mchana hauishi. Dada alikuwa anafunga zaidi ya saa 18, na kazi yake ni ya kutunza wazee kwenye nyumba yao ya malezi, kuwainua, kuwaogesha, kuwalisha, siku nzima hajaweka tone mdomoni. Sisi tumefuturu saa kumi na mbili na dakika kama ishirini, tumekula mkate wa kumimina na uji wa pilipili manga, tumesali tarawehe, tumekaa kwa karata kama ilivyo ada ya Ramadhani. Yeye jua lake linazama saa tatu na nusu usiku, ambayo kwetu ni saa tano na nusu. Hatukupanga, lakini kuanzia siku ya tatu au ya nne tulikuwa hatugawi karata mpaka saa hiyo. Tunakaa, Mama anatafuna tambuu, tunasubiri. Wakati ule ilikuwa sauti tu, picha hakuna. Tunasikia bilauri ikiwekwa mezani. Tunamsikia anakunywa maji. Kisha: "Haya, nani anagawa?" Mdogo wangu alikuwa akijibanza pembeni na simu, anamnong'oneza karata zake moja moja, na mimi nikitegesha sikio nimepata turufu zake zote.

Mama mdogo wangu haoni maana. Yeye husema bando linaliwa bure, na kwamba mtu kachoka na kazi za watu huko, mnampigia simu akae saa mbili anaangalia mkeka, badala ya kumwachia alale. Nimemsikiliza na nimelifikiria hilo. Lakini nimeona pia Dada akipiga mwenyewe, tena siku ambayo si Jumamosi, na akiulizwa vipi anasema hana neno, wekeni simu mahali, endeleeni na mnayofanya. Siku hizo tunaiweka kwenye rafu ya jikoni. Mama anakuna nazi. Hawasemeshani. Baada ya nusu saa Mama anasema, "Huyu kijana wa kuuza mkaa kaniletea unga mtupu," na Leicester inajibu, "Mwambie akurudishie pesa."

Na wao walio nje nawaomba vivyo hivyo. Msitutumie picha za bustani na maduka pekee yake. Mwanzoni Dada alikuwa akipiga akiwa kavaa, kajipaka wanja, ukuta mweupe nyuma yake, kama yuko studio. Tukawa tunamwona lakini hatujui anaishi vipi. Usiku mmoja wa Disemba aliiweka simu juu ya friji huku anapika, karata zinaendelea, na kwa mara ya kwanza niliona jiko lake. Ni dogo, hata pa kugeukia hapana. Sare ya kazi imetundikwa mlangoni ikikauka. Wali wa nazi, na nazi yenyewe ya kopo. Dirisha jeusi tititi, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni, akatuambia jua limezama tangu saa kumi. Mama aliangalia kimya, kisha akauliza sufuria ile kaitoa wapi, maana inafanana na yake. Wakaongea kuhusu sufuria mpaka wali ukashika chini. Nadhani Mama alilala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote tangu 2009, kwa sababu sasa akimfikiria mwanawe ana mahali pa kumweka.

Najua si kila familia ina karata. Wengine wana keram, wengine dhumna, bao, wengine wanakaa tu kuchambua mchele. Wapo pia waliogombana na ndugu zao kwa ajili ya pesa hizo hizo za kutumiwa, kiwanja kilicholiwa, nyumba iliyojengwa nusu, na simu kwao imekuwa kitu cha kuogopa. Hilo sina dawa yake. Ila wale ambao bado mnapendana na mmebakia na "hamjambo, hatujambo", jaribuni wiki hii kupiga mkiwa katikati ya jambo. Msisubiri mmalize kula, wala msiwanyamazishe watoto. Mpeni yule aliye mbali kazi ndani ya nyumba, hata ya kuamua ugomvi wa nani aoshe vyombo.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumebakiwa na mkono wa mwisho. Mama hahesabu kwa karatasi, anahesabu kichwani na hakosei, na alisema Baba na Dada wana 58. Mezani iko seti ya pau niliyoitupa mimi, nimeishiwa, sina la kufanya. Baba kwenye brashi yake kabakiwa na garasa moja, tumeshaijua. Kila kitu kiko kwa karata moja iliyobaki mkononi mwa mtoto, na mtoto anaangalia dari asije akatoa sura. Baba akaguna.

"Ngojeni," Dada akasema, "kengele ya mlango." Tukamwona anainuka, kisha tukabaki tunakiangalia kiti chake, na nyuma yake taulo limetundikwa juu ya kipasha joto. Tukasikia mlango, Kiingereza kidogo, mtu anacheka. Mama akamimina chai. Mtoto mkono ulimchoka, akahamishia karata mkono wa pili bila kuigeuza, na hakuna aliyegusa simu.