Vitabu vya Ukoo vya Milima ya Appalachia: Ukurasa Upi Uaminiwe?

Karibu kila kaunti ya Milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, kuanzia kusini-magharibi mwa Virginia hadi mashariki mwa Tennessee na Kentucky, ina kitabu chake. Mara nyingi kimechapishwa nakala chache kwa gharama ya mwandishi au ya chama cha historia cha pale pale, na ndani mna kila kitu: walowezi wa kwanza, nasaba za koo kubwa, picha ya kinu cha maji, orodha ya makaburi, dawa za mitishamba, hadithi ya mzimu wa darajani. Wasomi wa vyuo wamezoea kuvipita bila kuvifungua. Wajukuu wa koo hizo, wengi wao wakiishi mbali na milima, huvishika kama msahafu. Kambi zote mbili zinahukumu kitabu kizima, na hapo ndipo zinapokosea, kwa sababu kitabu kimoja kina kurasa za uzito tofauti kabisa. Mwandishi akimzungumzia babu aliyemjua, nyumba aliyolala na shamba alilolima, neno lake ni ushahidi. Akirudi nyuma zaidi ya vizazi vitatu hivi, anasimulia alichosimuliwa. Akivuka bahari, mara nyingi anabuni kwa nia njema.

Kwa hiyo ukurasa dhaifu kuliko yote huwa ule wa kwanza. Hapo ndipo wanapokaa ndugu watatu waliopanda meli moja kutoka Ulster, kaskazini mwa Ireland: mmoja akabaki Pennsylvania, wa pili akashuka kusini, wa tatu hajulikani aliishia wapi. Simulizi hiyo hiyo imo katika nasaba za koo zisizohusiana hata kidogo. Kazi yake ni kueleza kwa nini watu wa jina moja wametapakaa kila mahali, bila mtu kulazimika kuthibitisha undugu wao.

Tuwe waadilifu: nyuma ya ubunifu huo kuna uhaba wa kweli wa karatasi. Sensa ya Marekani ilianza 1790, lakini hadi 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu, wengine wakahesabiwa kwa jinsia na rika. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa jina, na 1880 ndipo uhusiano wake na mkuu wa kaya ulipotajwa. Bonde lenye akina John watatu wa ukoo mmoja, wote wameoa akina Mary, ni mtego kwa yeyote anayeandika habari za 1820. Mwandishi akichoka, watatu hao wanakuwa mtu mmoja aliyekufa mara mbili na kuzaa akiwa na miaka themanini. Njia ya kuwatenganisha ni orodha za walipakodi. Mfuate kila John mwaka hadi mwaka, ukitazama ekari zake, kijito kilichotajwa na majirani zake. Mwenye ekari 50 juu ya kijito hawi ghafla mwenye ekari 200 ng'ambo ya mlima, na kijana wa kiume huibuka kwenye orodha anapofikia umri wa kutozwa kodi, jambo linalokupa mwaka wake wa kuzaliwa kwa kukadiria.

Mipaka nayo imewapoteza wengi. Castlewood, kwenye Mto Clinch huko Virginia, ilianza kukaliwa na walowezi mnamo 1769. Aliyejenga hapo mwaka huo alikuwa katika Kaunti ya Augusta, na bila kuhamisha hata chungu akajikuta Botetourt mwaka 1770, Fincastle 1772, Washington 1777, kisha Russell 1786. Kaunti tano ndani ya miaka kumi na saba. Kitabu kinachosema ukoo fulani "ulihamia Russell 1786" huenda kimenakili tu tarehe ya kuzaliwa kwa kaunti. Anayetafuta hati za watu hao na kuishia kwenye mahakama ya Russell ataona kama waliibuka ardhini. Zile za Fincastle, kaunti iliyokwisha kufa, zimetunzwa Christiansburg, katika Kaunti ya Montgomery.

Vitabu vya muhtasari wa hati huonekana salama zaidi, kwa kuwa mwandishi wake hasimulii kitu, ananakili tu. Lakini kunakili nako kuna hatari zake. Juzuu tatu za Jaji Lyman Chalkley kuhusu hati za Augusta, zilizochapishwa 1912, zimetumiwa na karibu kila anayefuatilia walowezi wa Virginia ya milimani, na zinajulikana kwa majina yaliyosomwa vibaya na mambo mengi yaliyorukwa. Kutolikuta jina humo hakuthibitishi kitu. Mwenye busara huzitumia kama faharasa, akapata namba ya kitabu na ukurasa, kisha akasome hati yenyewe.

Hata nyumba husema tofauti na vitabu. Huko Piney Flats, Tennessee, nyumba ya magogo iitwayo Rocky Mount ilielezwa kwa miongo mingi kuwa ilijengwa na William Cobb mnamo 1770, na kwamba ndimo gavana William Blount alimofikia mwaka 1790 alipoanza kutawala eneo hilo. Magogo yake yalipochunguzwa kwa kuhesabu miduara ya ukuaji wa mti, ilionekana miti ilikatwa mwishoni mwa miaka ya 1820. Wapo waliofurahia kuiita simulizi nzima uongo. Wamekwenda mbali mno. Cobb alikuwako, na Blount alifikia kwake. Kilichobadilika ni jengo, na kumbukumbu ya ukoo ina tabia ya kushika mahali na kumwacha fundi. Nyumba mpya ikisimama pale ilipokuwa ya zamani, baada ya vizazi viwili zote mbili huwa "nyumba ya babu".

Dai linalozua ugomvi kuliko yote ni la bibi Mcherokee, yaani wa kabila la Cherokee, watu wa asili wa milima hii, ambaye vitabu vingine vinampandisha hadi kuwa binti wa mfalme, ingawa Wacherokee hawakuwa na ufalme wa namna hiyo. Mwaka 1906, baada ya mahakama kuamuru Wacherokee wa Mashariki walipwe fidia, serikali ilimpa Guion Miller kazi ya kupokea maombi. Yalifika zaidi ya 45,000, yakihusu watu wapatao 90,000. Waliokubaliwa ni 30,000 hivi. Watu wa milimani wasio na uhusiano wowote na kabila hilo waliomba kwa wingi, wengine kwa kusikia kuna fedha, wengine kwa kuiamini simulizi ya nyumbani. Wakosoaji wakifika hapa hufunga kitabu. Kumbe ndipo pa kukifungua: fomu ile ilimtaka mwombaji ataje wazazi wake, babu na bibi wa pande zote mbili, wajomba na mashangazi, pamoja na mahali walipozaliwa. Ombi lililokataliwa kwa kukosa damu ya Kicherokee linaweza kuwa ushahidi bora wa nasaba alio nao mkulima maskini aliyezaliwa miaka ya 1840. Mwandishi anayenukuu fomu hiyo pamoja na hukumu yake anafanya kazi nzuri. Anayenukuu ombi na kuificha hukumu, huyo muepuke.

Upande wa pili, wa wajukuu, una hoja nzito kuliko wasomi wanavyopenda kukiri. Wasomi husema karatasi ya serikali haina mapenzi, kwa hiyo haidanganyi. Katika Kaunti ya Amherst, chini ya safu ya Blue Ridge, Wamonacan waliambiana kizazi hadi kizazi kwamba wao ni watu wa asili wa ardhi ile. Sheria ya rangi ya Virginia ya 1924 iliacha makundi mawili tu, weupe na wasio weupe, na Walter Plecker, aliyesimamia usajili wa vizazi na vifo vya jimbo hilo kuanzia 1912 hadi 1946, alihakikisha vyeti vyao vinawaita watu weusi. Mwaka 1943 alisambaza kwa maafisa orodha ya majina ya koo, kaunti kwa kaunti, ili watu wa koo hizo wasipenye kwenye kundi la weupe. Mtafiti aliyeamini vyeti alipotoshwa. Aliyewasikiliza wazee alipata ukweli. Serikali ya Marekani iliwatambua rasmi Januari 2018.

Wala chuo kikuu si kinga. Mwaka 1933 kilitoka kitabu cha kitaaluma kuhusu mabonde ya Virginia yaliyokuwa karibu kutwaliwa kwa ajili ya Hifadhi ya Shenandoah. Kiliwachora wakazi kama watu waliosahauliwa na dunia, na picha hiyo ikasaidia kuhalalisha kuhamishwa kwao. Wazao walipinga kwa miaka mingi, wakaonekana wanatetea heshima ya ukoo tu. Miaka ya 1990 waakiolojia walipochimba katika mabonde ya Nicholson, Corbin na Weakley, walikuta chupa za dawa za dukani, vipuri vya magari na bidhaa za kuagizwa kwa posta.

Kuna pengo moja ambalo vitabu vya ukoo haviwezi kusingizia uhaba wa karatasi: watumwa. Wosia mwingi wa karne ya 19 kutoka mabonde haya huwataja kwa jina na bei, katikati ya farasi na vitanda. Mkusanyaji hunakili wosia, akabakiza farasi na vitanda. Kwa wazao wa watu hao hasara ni kubwa, maana sensa za 1850 na 1860 ziliandika umri na jinsia zao chini ya jina la bwana. Majina yao wenyewe hutokea 1870. Kwa hiyo ukiona wosia umefupishwa kwa nukta tatu, agiza nakala kamili.

Sehemu ya ngano na desturi ina kanuni zake. Richard Chase, katika mkusanyiko wake wa 1943 wa hadithi za Jack, kijana mjanja wa ngano, kutoka Beech Mountain, North Carolina, alichanganya masimulizi ya watambaji kadhaa akapata hadithi moja laini. Kwa kusomea watoto hilo ni faida. Kwa anayetaka kujua familia ya Hicks au Harmon, watambaji wa huko, ilitamba vipi, ni hasara. Cecil Sharp na Maud Karpeles, wakusanyaji wa nyimbo kutoka Uingereza, walizunguka milimani majuma 46 kati ya 1916 na 1918, wakaandika tuni zaidi ya 1,600 kwa waimbaji 281. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila Sharp alikuwa akisaka nyimbo za kale za Kiingereza, kwa hiyo banjo, tenzi za kanisani na waimbaji weusi karibu hawamo. Wanafunzi wa Rabun, Georgia, walioanzisha jarida la Foxfire mwaka 1966, walikwenda na vinasa sauti na kamera, na kurasa zao za ufundi zinafuatika. Nyumba ya magogo imeelezwa hadi namna ya kuchonga pembe kwa mteremko ili mvua itiririke nje badala ya kuozesha maungio.

Dawa na mboga za porini ni habari nyingine. Msimuliaji huacha kutaja kile ambacho kila jirani alikijua. Machipukizi ya mmea uitwao poke huchemshwa na maji yake kumwagwa mara mbili au tatu. Mizizi na matunda yake ni sumu. Bibi anayesema "tunachuma, tunapika" hadanganyi, ila maelezo yake yanamtosha aliyekulia pale tu.

Vijitabu vya makaburi havina mashabiki wengi, lakini ndivyo vinavyoongezeka thamani kila mwaka, kwa sababu mawe yanafutika. Makaburi zaidi ya 5,000 yalihamishwa miaka ya 1930 kupisha ziwa la Bwawa la Norris, huko Tennessee. Mengine yamemezwa na msitu. Makosa ya vijitabu hivi yanatabirika: 1 husomwa 7, na 3 husomwa 8. La hatari zaidi ni la hesabu. Jiwe likisema mtu alikufa 4 Machi 1861 akiwa na miaka 71, miezi 3 na siku 10, alizaliwa 24 Novemba 1789, lakini mkusanyaji mwenye haraka hutoa mwaka kwa mwaka na kuandika 1790. Aliyenakili maneno ya jiwe kama yalivyo ametuachia nafasi ya kurudia hesabu hata baada ya jiwe kubaki bapa. Aliyeandika 1790 peke yake ametufungia mlango, na mwaka huo sasa umenakiliwa katika miti ya ukoo ya mtandaoni mara mia, mashahidi mia waliosimama nyuma ya mtu mmoja mwenye penseli.